Uvimbe wa tishu laini na kipimo cha MRI: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu aliyeandikiwa MRI, yaani kipimo cha picha kinachotumia sumaku, kwa sababu ya uvimbe pajani au begani hufika chumba cha picha na karatasi moja ya rufaa na maswali kumi. Hapa yamekusanywa yale yanayorudi kila wiki. Hayajapangwa kwa ukubwa wa jambo. Yamefuata namna watu wanavyouliza, wakianza na hofu, wakifika kwenye bei, na kumalizia na yanayofuata baada ya majibu.

Tishu laini ndiyo nini?

Ni misuli, mafuta, kano, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu na utando unaovifunga pamoja. Mfupa haumo, wala ini, figo au titi. Saratani inayoanzia kwenye tishu hizi huitwa sarkoma. Kwa watu wazima ni nadra, kama asilimia 1 ya saratani zote, ila kwa watoto sehemu yake ni kubwa zaidi.

Nina kinundu. Ni kansa?

Yaelekea sivyo. Uvimbe usio wa saratani unaizidi sarkoma kwa mbali sana. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni 100 kwa 1. Mwingi ni lipoma, yaani bonge la mafuta lililokaa chini ya ngozi bila kumdhuru mtu.

Lakini wingi huo ndio unaotupumbaza. Aliyeshika vinundu mia vya mafuta atadhani na cha mia na moja ni mafuta. Kwa hiyo madaktari hushika alama chache za kutilia shaka: uvimbe umezidi sentimita 5, karibu urefu wa yai la kuku, umekaa ndani, chini ya utando wa msuli, unakua, au ulishakatwa na umerudi. Alama moja tu yatosha kukupeleka kupiga picha.

Jinsi ya kuonja kina chake: kaza msuli wa mahali hapo. Uvimbe uliokuwa ukisogea vidoleni ukiganda au ukifichika msuli unapokazwa, basi umo ndani ya msuli au chini yake. Si kipimo cha kutegemea, lakini ni jambo zuri la kumweleza daktari.

Kuhusu maumivu: sarkoma nyingi haziumi mwanzoni. Kauli ya "hauniumi, basi si kitu" imewachelewesha watu wengi kuliko nauli ya kwenda hospitali.

Mbona nisipigwe eksirei au utrasaundi tu, ambazo ni nafuu?

Utrasaundi ndiyo inayopaswa kutangulia. Inaonyesha kama ndani ni maji au nyama, na uvimbe umefika kina gani. Kinundu kidogo cha mafuta chini ya ngozi huishia hapo, na hakuna haja ya mtu kuuza mbuzi kwa ajili ya MRI.

Eksirei nayo isidharauliwe. Chukua kijana aliyepigwa goti pajani uwanjani. Wiki chache baadaye ana bonge gumu ndani ya msuli. MRI ya wakati huo inaweza kutisha kabisa: tishu zimevimba, dawa ya kung'arisha picha inapokelewa kwa nguvu, kila kitu kinafanana na sarkoma. Kumbe msuli umeanza kuota mfupa baada ya jeraha. Eksirei au CT (eksirei ya vipande vipande) huonyesha ganda la mfupa likijijenga kuanzia pembeni kuelekea katikati, na hilo hutuliza mioyo. Vivyo hivyo, vijiwe vidogo vya mviringo ndani ya uvimbe wa mishipa ya damu huonekana vizuri zaidi kwenye eksirei kuliko kwenye MRI.

Pale MRI inapozishinda zote ni kutenganisha tishu na tishu: hapa mafuta, hapa msuli, huu mshipa wa fahamu, na uvimbe umeugusa au umeuzunguka. Hayo ndiyo daktari wa upasuaji anayotaka kuyajua kabla hajashika kisu.

Mashine yenyewe inafanyaje kazi?

Mwili umejaa haidrojeni, ndani ya maji na ndani ya mafuta. Kiini cha kila atomu ya haidrojeni ni kama kijisumaku kidogo. Ukilala ndani ya sumaku kubwa, sehemu ndogo ya vijisumaku hivyo hujipanga kufuata upande wake. Mashine hurusha mawimbi ya redio, vijisumaku huyumba, kisha mawimbi yanapokatika hurudi mahali pake vikitoa mwangwi wake wa redio. Kompyuta hukusanya mwangwi huo na kuchora picha.

Sumaku ya tesla 1.5, ambayo ndiyo ya kawaida hospitalini, ina nguvu mara 30,000 hivi kuliko usumaku wa dunia unaogeuza dira ya nahodha. Mawimbi yake yako kwenye megahezi 64, chini kidogo ya mahali zinapoanzia stesheni za FM. Ndiyo maana chumba huzungushiwa shaba au chuma, redio za mtaani zisije zikachafua picha.

Siri yote imo katika mwendo wa kurudi. Mafuta hurudi haraka, maji hurudi polepole. Picha zinazoitwa T1 huyaonyesha mafuta meupe na maji meusi. Kwenye T2 maji ndiyo yanayong'aa. Aina ya tatu huzima mafuta makusudi, ili kila chenye maji mengi kibaki kikiwaka peke yake, na uvimbe mwingi una maji mengi.

Kuna jambo la historia ambalo wengi hawalijui: kabla MRI haijawa mashine ya picha, ilikuwa swali kuhusu uvimbe. Mwaka 1971 daktari wa Marekani, Raymond Damadian, alichapisha kwamba vijisumaku vya uvimbe wa saratani kutoka kwa panya huchelewa kurudi kuliko vya tishu yenye afya. Miaka 2 baadaye Paul Lauterbur alionyesha namna ya kuchora picha kwa njia hiyo, na Peter Mansfield wa Uingereza akaiongezea kasi na hesabu. Nobeli ya mwaka 2003 wakapewa hao wawili. Damadian, aliyeachwa, alilipia kurasa nzima za magazeti kulalamika. Ugomvi huo sitauamua mimi. Ninachojua ni kwamba tumaini la mwanzo, kwamba nambari ya mashine peke yake ingetenga saratani na isiyo saratani, halikutimia kwenye tishu laini. Nambari zinapishana mno.

Kwa hiyo MRI haiwezi kusema kama ni kansa?

Mara nyingine inaweza, mara nyingine haiwezi, na ni vizuri ujue uko upande gani.

Kuna uvimbe unaojitaja wenyewe. Lipoma hufuata mafuta ya mwili hatua kwa hatua: yakiwa meupe nayo ni nyeupe, yakizimwa nayo inazimika yote, hakuna kinachobaki. Kifuko cha ute kifundoni mwa mkono huonekana maji matupu. Uvimbe wa mishipa ya damu huonyesha vijia vyake. Uvimbe wa mshipa wa fahamu huonekana umening'inia kwenye mshipa kama embe kwenye kikonyo, na ukitazamwa kwa picha ya kukingama mara nyingi una duara jeusi katikati na jeupe pembeni. Uvimbe fulani wa utando wa kiungo, hasa goti, hubeba mabaki ya chuma kutoka kwenye damu, na chuma hicho hutia weusi usiofichika. Mtaalamu wa radiolojia akiona haya anaweza kuandika jina bila kutetemeka.

Kisha kuna wale wa katikati. Bonge la mafuta lililo kubwa, limezama ndani, lina kuta nene au vinundu visivyo mafuta, laweza kuwa lipoma ya kawaida au saratani ya mafuta ya daraja la chini kabisa. Macho hayatoshi hapo. Maabara hutafuta jeni iitwayo MDM2, ambayo kwenye saratani hiyo huwa imejirudia nakala nyingi.

Na kuna wadanganyifu. Sarkoma yenye ute mwingi huonekana kama kifuko cha maji, mpaka dawa ichomwe ndipo ndani kuwake. Sarkoma ya sinovia hupenda kukaa karibu na goti au kifundo kwa vijana. Yaweza kuwa ndogo, yenye mpaka safi, inakua polepole kwa miaka, yaani ina tabia zote za uvimbe mwema. Mwingine wa kuogopwa ni "damu iliyovilia" pajani kwa mtu mzima asiyekumbuka kugongwa wala hatumii dawa za kuyeyusha damu. Damu hiyo huenda imetoka ndani ya uvimbe. Ripoti nzuri hapo itasema irudiwe picha au kichukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, na wewe uishikilie sentensi hiyo hata kama umeambiwa nenda nyumbani.

Sarkoma na ndugu zake ni aina nyingi mno. MRI inapunguza orodha. Jina la mwisho hutoka kwenye hadubini.

Kama kinyama ndicho kinachoamua, si nianze nacho?

Hapana. Ukisoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, lisome hili.

Utaratibu ni picha kwanza, sindano ya pili, kisu mwisho. Sababu ya kwanza ni kwamba sindano huacha damu na uvimbe, na hivyo vikishaingia picha haitofautishi tena uvimbe wenyewe na jeraha la sindano. Ya pili, MRI huonyesha sehemu iliyo hai ya kuchukua kinyama. Uvimbe mkubwa mara nyingi umeoza katikati. Ukichoma hapo utapeleka maabara uchafu uliokufa na kurudishiwa majibu ya "hakuna kitu".

Ya tatu ndiyo nzito. Njia iliyopita sindano huhesabiwa kuwa imechafuliwa, na daktari wa upasuaji atakuja kuikata pamoja na uvimbe. Ikipita kwenye chumba kimoja cha misuli, yaani kundi la misuli lililofungwa na utando wake, atakata chumba hicho. Ikipita ovyo kwenye vyumba viwili au karibu na mshipa mkubwa, upasuaji ambao ungeokoa mguu unaweza kugeuka kuwa wa kuukata. Ndiyo maana anayechoma sindano anapaswa kuzungumza na atakayekata, wakiwa na picha mbele yao.

Nimeona wagonjwa walioletwa baada ya uvimbe "kutolewa kama lipoma" katika zahanati moja, kwa ganzi ya mahali, kovu likiwa limepita kingamo ya paja na hakuna nyama iliyopelekwa maabara. Aliyekata hakuwa mtu mbaya; alitaka kusaidia. Lakini ilibidi wapasuliwe upya, mara hii eneo kubwa zaidi. Ukiambiwa "ni kidogo, tutakitoa leo leo", na uvimbe uko ndani au umezidi yai, uliza kwa adabu: daktari, tumeupiga picha?

Dawa inayochomwa mshipani wakati wa kipimo ni ya nini?

Ni gadolini, madini yaliyofungwa ndani ya kemikali nyingine ili yasidhuru. Huenda na damu, na palipo na damu nyingi hung'aa. Inatenga maji matupu na nyama yenye maji, na inaonyesha sehemu zilizokufa. Bonge la mafuta lililo wazi kabisa halihitaji dawa hiyo, usishangae usipochomwa.

Wengi hawahisi kitu zaidi ya ubaridi mkononi. Mzio mkali hutokea mara chache. Wanaopaswa kusema mapema ni wenye ugonjwa mkubwa wa figo, kwani dawa hutoka kwa mkojo. Miaka ya 2000 ilibainika kwamba aina za zamani za gadolini ziliwaletea baadhi ya wagonjwa wa figo kukakamaa kwa ngozi na viungo. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulisimamisha matumizi ya kadhaa kati ya aina hizo. Zinazopendelewa sasa zimefungwa imara zaidi, lakini kipimo cha kreatinini, cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, kabla ya dawa si urasimu wa bure.

Nina mimba, au ninanyonyesha.

MRI bila dawa inaweza kufanywa kwa mjamzito ikiwa kuna sababu. Gadolini huepukwa. Anayenyonyesha anaweza kuendelea. Kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo mno. Tuambie tu.

Nimesikia kuna MRI za kisasa zinazopima "kemia" ya uvimbe. Ni za kweli?

Ni za kweli, ila zisifanywe miujiza. Moja hupima jinsi maji yanavyotembea kati ya seli. Zikisongamana, kama kwenye saratani nyingi, maji hayana nafasi. Tatizo ni kwamba usaha nao huyabana maji, na sarkoma ya ute huyaachia huru. Nyingine hufuata gadolini sekunde kwa sekunde: uvimbe unaoinywa upesi, karibu wakati mmoja na mshipa wa ateri, hutiliwa shaka zaidi. Ya tatu, spektroskopia, haitoi picha bali michirizi ya kemikali. Hutafutwa kolini, ambayo hupanda seli zinapojenga kuta mpya kwa wingi. Lakini hupanda pia kwenye baadhi ya uvimbe usio wa saratani.

Mbinu mbili za kwanza husaidia sana kujua kama tiba inafanya kazi, kwa sababu uvimbe unaweza kufa ndani bila kupungua ukubwa. Kama mashine ya mji wako haina mbinu hizi, usifunge safari kwa ajili yake peke yake. T1, T2 na picha ya kuzima mafuta, zikipigwa vizuri, hufanya sehemu kubwa ya kazi.

Je, si jipu tu?

Swali zuri, hasa huku kwetu. Jipu la ndani ya msuli ni ugonjwa unaojulikana sana katika nchi za joto, mara nyingi kwa kijana au mtoto, au mtu ambaye kinga yake imeshuka. Msuli mkubwa wa paja au tako huvimba na kuwa mgumu, na mwanzoni ngozi ya juu haina wekundu. MRI huonyesha bwawa la usaha lenye ukuta unaong'aa kwa dawa na uvimbe wa msuli pande zote. Sarkoma nyingi, kinyume chake, husukuma msuli pembeni bila kuuvimbisha sana. Homa na vipimo vya damu husaidia, lakini sarkoma iliyooza nayo huweza kuleta homa. Daktari akitoa usaha, achukue na kipande cha ukuta kwa ajili ya maabara.

Nina madoa ya zambarau mguuni na nimeambiwa ni sarkoma ya Kaposi. Nahitaji MRI?

Kwa kawaida hapana. Kaposi huja na kirusi cha HHV-8, huonekana kwenye ngozi au mdomoni, na huthibitishwa kwa kinyama kidogo cha ngozi. Fedha za MRI zina kazi nyingine.

Kuna mionzi? Kuna hatari?

Mionzi ya aina ya eksirei haimo kabisa. Hatari ni sumaku, na sumaku hailali: hata mashine ikinyamaza, hata taa zikizimwa, inavuta. Mwaka 2001, katika jimbo la Marekani la New York, mtoto wa miaka 6 alifariki baada ya mtungi wa oksijeni ulioingizwa chumbani kurushwa na sumaku hadi alipolala. Kwa hiyo ukiulizwa swali lilelile mara tatu, vumilia.

Sema ukiwa na kifaa cha kuendesha moyo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, klipu kichwani, au risasi mwilini. Sema kama umewahi kufanya kazi ya kuchomelea au kusaga vyuma, maana punje iliyojificha jichoni inaweza kusogea. Vyuma vingi vya kuunga mfupa havizuii kipimo, ingawa vikiwa karibu na uvimbe huharibu picha. Vua saa, mkanda, pini za nywele na wigi lenye vibanio. Hirizi na shanga za kiunoni pia, kama zina kibati au waya. Hatuulizi ni za nini, na utazikuta palepale ulipoziacha.

Nitakaa humo muda gani? Naogopa kubanwa.

Dakika 30 hadi 60. Kelele ni kubwa, kama mtu anagonga bati, kwa hiyo utapewa vizibo vya masikio. Una kengele mkononi, ukiibonyeza tunasimama. Uvimbe wa goti au mguu mara nyingi huruhusu kichwa kibaki nje au karibu na mlango wa mashine. Kumfumba macho kwa kitambaa kabla ya kuingia husaidia mtu mwenye hofu kuliko maneno mengi. Watoto wadogo huhitaji dawa ya usingizi na daktari wa usingizi, kwa hiyo siku yao hupangwa mapema.

Gharama je?

Hutofautiana mno kati ya hospitali ya umma na binafsi, na dawa ya mshipani mara nyingi hutozwa pembeni, kwa hiyo uliza bei ya vyote viwili kwa pamoja. Mwenye bima aulize kama kipimo kinahitaji kibali kabla, Tanzania kwa NHIF au Kenya kwa SHA iliyoanza kazi Oktoba 2024. Uliza pia swali moja la kiufundi: nani atasoma picha? Mashine nzuri isiyo na msomaji wa misuli na mifupa ni nusu ya kipimo. Kwa uvimbe wa kutilia shaka ni bora picha ipigwe, au angalau isomwe upya, mahali penye madaktari wa saratani na wa mifupa chini ya paa moja au jirani, kama zilivyo MOI (taasisi ya mifupa) na Ocean Road (taasisi ya saratani) jijini Dar es Salaam.

MRI imeonyesha sarkoma. Mbona sasa natumwa CT ya kifua?

Kwa sababu sarkoma nyingi husafiri kwa damu, na kituo cha kwanza ni mapafu. MRI haioni vizuri vinundu vidogo vya mapafu, CT inaviona. Kutumwa CT hakumaanishi umekwisha kutiliwa alama ya kusambaa.

Nimeshapasuliwa. Kwa nini nirudi MRI tena?

Kutafuta kama uvimbe umerudi. Picha ya kwanza baada ya upasuaji ni ya thamani kwa sababu zote zijazo zitalinganishwa nayo: kovu husinyaa kadiri miezi inavyopita, uvimbe hukua. Kwa hiyo dai CD ya kila kipimo, si karatasi ya ripoti tu, na ihifadhi mbali na joto la dirishani. Filamu za zamani, hata zilizokunjika, njoo nazo. Kuna siku picha ya miaka 4 iliyopita, iliyokuwa imefungia vitabu vya mtoto, ilionyesha kinundu kilekile kwa ukubwa uleule, na mwenye nacho akarudi nyumbani bila sindano.